Pesa za ua wa Barani

Leicester, Uingereza

Mamangu mpendwa,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mikono. Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, sijui nyinyi. Zuhura ndiye atakayekusomea barua hii, na nataka aisome yote mpaka mwisho, asiparuke palipotajwa ndugu yangu Swaleh kwa kumwonea haya.

Ile sauti mliyonitumia Ijumaa nimeisikia. Mnataka elfu arobaini za kukatia ua wa minyaa wa kiwanja chetu cha Barani, Malindi, kwamba haupitiki tena, kwamba nyoka wameonekana, na kwamba Ami, ndugu wa Baba tuliyepakana naye, analalamika minyaa inamzibia upepo. Sikatai, Mama. Kiwanja ni cha marehemu Baba nami ni mwanawe. Lakini pesa za ua huu nimeshatuma. Nilituma mwaka juzi kabla ya Ramadhani, nikatuma tena wakati wa arusi ya Mwanaisha. Mara zote Swaleh alichukua vijana wa mtaani wakapiga panga vichwa vya juu, akanipigia picha upande wa barabarani ambako panaonekana safi, basi, kazi imekwisha. Ikaja mvua ya mwaka, ua ukarudi mnene kuliko ulivyokuwa. Na vile vijiti vilivyokatwa vikaachwa palepale chini vimeshika mizizi. Zuhura ameniambia kuwa sasa kuna safu mbili mahali palipokuwa na moja.

Hilo limenichoma. Pesa hutumwa, nyingine zikafika na nyingine zikapotea njiani, hayo nimeyazoea na sijawahi kumdai mtu. Lakini katika jambo hili siwezi kunyamaza, kwa kuwa mwanao huku kazi yake ni hii hii. Nyua za watu nazing'oa mimi kwa mikono yangu, mpaka mizizi, na mwenye nyumba anabaki na kiwanja kitupu. Iweje ua wa babangu ndio unyolewe kichwa kila mwaka na pesa zangu?

Hebu niwape habari ambayo nilikuwa nimeiweka. Mwezi wa tisa tajiri wangu alinikabidhi kazi nzima, vijana wawili chini yangu, gari na vyombo vyote mkononi mwangu. Ilikuwa bustani ya mzee mmoja mjane, nyuma ya nyumba, yenye ua wa mti wanaouita leylandii. Ni mti chotara wa jamii ya saipresi. Haupukutishi majani mwaka mzima, na ukiachiwa hurefuka karibu mita moja kila mwaka. Ua ule ulipandwa na waliokaa nyumba hiyo kabla yake, na ulikuwa umefika usawa wa madirisha ya ghorofani. Unene wake ulikuwa umemeza zaidi ya mita mbili za bustani. Jirani alishaanza kutaja manispaa, maana Uingereza wana sheria ya mwaka 2003 inayompa mtu haki ya kulalamikia ua wa miti isiyopukutisha majani uliopita mita 2 ikiwa unamzibia mwanga.

Mtu atauliza, kwa nini wasiupunguze tu? Leylandii ina tabia yake. Ukiukata ukapita majani ukafika kwenye matawi ya kahawia ya ndani, pale hapachipui tena, panabaki vijiti vikavu milele. Kuurudisha nyuma mita mbili ni kuuacha uchi. Minyaa yetu ni kinyume chake, kata unavyotaka, itachipua tu. Huyu hapunguziki kwa sababu hachipui, yule hapunguziki kwa sababu anachipua mno. Wote wawili dawa yao iko chini ya ardhi.

Tajiri alitaka tuanze mwezi wa saba. Mimi ndiye niliyechungulia ndani ya matawi nikaona kiota kina makinda, nikasema tungoje. Huku kuharibu kiota ambacho ndege anakitumia ni kosa, sheria yake ni ya mwaka 1981, na kampuni ingeingia matatani. Tangu siku hiyo tajiri ananiuliza mimi kabla ya kumjibu mteja.

Basi tulipoanza, nilihakikisha kwanza bomba la gesi na waya wa umeme vinapita wapi. Kisha tukakata matawi yote, tukaacha kila shina limesimama kimo cha kifua. Vijana walitaka kukata mpaka chini ili paonekane pamekuwa peupe. Nikawakataza. Lile shina refu ndilo wenzo wako. Ukilikata usawa wa ardhi umebaki na kisiki ambacho huna pa kukishika. Ukiliacha refu, unachimba mfereji kulizunguka, unakata mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha mmoja anasukuma shina na mwenziwe anatia mtaimbo chini yake.

Laiti ungeona, Mama, tulichokikuta chini. Wiki nzima mvua ilikuwa imenyesha, majani ya bustani yamelowa chepechepe, lakini chini ya ua udongo ulikuwa vumbi tupu, kijivu, haushikani hata ukiuminya kiganjani. Mizizi imekunywa yote. Haikwenda chini sana, imelala juujuu ikatawanyika, mingine minene sawa na mkono wangu, na mmoja ulikuwa umepita chini ya njia ya mawe ukayanyanyua mawe manne. Shina likianza kulala unasikia mizizi ya chini ikikatika mmoja mmoja, kila mmoja na mlio wake, halafu linaanguka zima na donge lake la udongo. La pembeni kabisa liligoma. Tukalifunga mnyororo, tukalivuta kwa winchi ya mkono taratibu, nikawaamuru vijana wasimame mbali, maana mnyororo ukikatika unaua. Likatoka.

Yule mzee alitoka nje akaja kusimama mahali ulipokuwa ua. Akaniita kwa jina langu, alilitamka sawasawa, akasema tangu ahamie nyumba ile hakujua kuwa bustani yake ni kubwa kiasi hicho. Tajiri ameniongeza mshahara na gari la kazi sasa nalala nalo mimi. Mgongo uliuma kidogo na baridi ni baridi, hayo tuyaache.

Lakini kilichonifanya niandike barua badala ya kupiga simu ni hiki. Katikati ya ua ule, ndani kabisa ya mashina, tulikuta vigingi vya zamani vya mbao na waya uliokula kutu. Huo ndio uliokuwa mpaka. Ua ulikuwa umevimba upande wa mzee, kwa kuwa jirani alikuwa akikata upande wake kila mwaka na mzee akiuacha wake. Mtu angejenga ukingoni mwa majani angedhani yuko mpakani, kumbe ameshatoa mita mbili za ardhi yake bure.

Mama, pale nilisimama nikaiona Barani. Minyaa aliipanda Babu kwenye mstari. Ami amekata upande wake miaka yote, sisi tangu Baba afariki hatukukata wetu vizuri. Umekuja wote upande wetu. Na sasa nasikia Ami amemshauri Swaleh kwamba wasisumbuke na mizizi, wajenge tu ukuta wa mawe mbele ya ua, upande wetu, kwa wepesi. Ami ni badala ya Baba, heshima yake iko palepale na nitamwambia haya mwenyewe kwa adabu. Ila ukuta huo haujengwi. Mpaka ni pale yalipo mashina ya kwanza, yale manene meusi ya katikati, si pale yalipoishia majani.

Tena haya ya mpaka si ya kugombana barazani. Ile Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 imesema mpaka wa ardhi iliyosajiliwa ukitiliwa shaka, anayeuamua kwanza ni Msajili wa Ardhi, korti ni baadaye. Na kuharibu alama ya mpaka bila ruhusa ni kosa. Ua nao waweza kuwa ndiyo alama yenyewe, kwa hiyo hata sisi wenyewe tusiung'oe kimyakimya halafu Ami akaja kusema tumehamisha mpaka. Hati iko kwenye sanduku lako la mvule, chini ya kanga za arusi. Zuhura aitoe nakala, atafutwe mpima mwenye leseni, Ami awepo, wewe uwepo, bikoni za mpaka zionyeshwe mbele ya wote. Mpima nitamlipa mimi mbali, si katika hizo arobaini.

Baada ya hapo ndipo kazi. Sasa ni kaskazi, jua kali, ardhi ya Barani ni ngumu na chini kuna mwamba, kwa hiyo msivunje watu migongo kwa kuchimba sasa. Wakati huu kateni matawi tu, na myaache mashina kimo cha kifua kama nilivyoeleza. Kila kijiti, hata cha urefu wa kidole, kikusanywe kipakiwe mkokotenini kikaanikwe juani juu ya mwamba, kisilale mchangani. Kikilala mchangani kinaota, ushahidi mnao wenyewe. Wala msiyachome yakiwa mabichi karibu na nyumba, moshi wake unawasha macho na Mama una kifua. Mvua za mwanzo za masika zikilainisha ardhi, mchimbe, mkate mizizi ya pembeni, myalaze mashina kwa mtaimbo. Shina lisikatwe likaachwa. Mnyaa ukiuachia kisiki umeupanda upya.

Na utomvu, jamani. Mnakumbuka jicho la Kai. Ule weupe ukiingia jichoni unaweza kumpofua mtu. Asiingie kijana yeyote bila miwani ya kazi, shati la mikono mirefu na glavu. Nimenunua miwani sita ya plastiki, nampa mtoto wa Bi Rukia anayekuja mwezi ujao. Ndoo ya maji safi ikae hapohapo, na akirukiwa mtu aoshwe jicho kwa maji mengi, kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asipakwe kitu kingine. Watoto wa Mwanaisha wasikaribie kabisa, najua wanapenda kuvunja vijiti vitoke maziwa.

Sasa pesa. Nitatuma, lakini kwa simu ya Zuhura. Nusu ya pesa nitaituma siku matawi yatakapoisha kutolewa kiwanjani, nusu nyingine nikishaona mashimo. Si picha ya barabarani, picha ya shimo moja moja na shina lake limelala pembeni. Swaleh asimamie vijana, ana nguvu na anajua kuongea nao, na ujira wake nimeutenga. Akinuna, Mama, mwambie namtaka awe mtu wa kutajwa pale Barani, aseme ua wa Babu aliung'oa yeye. Hilo naliandika kwa moyo mmoja. Ni ndugu yangu wa ziwa moja.

Mashimo yajazwe udongo na samadi ya mbuzi, maana pale ardhi itakuwa imechoka kwa miaka mingi ya kunyonywa. Iachwe itulie, isijengwe hapo kwa hapo. Nikipata nafasi ya kuja baada ya Idi kubwa, ukuta tutaujenga pamoja kwenye mstari wa haki, na upande wa ndani nitakupandia asumini na mkilua karibu na kibaraza, uvunje maua asubuhi bila kumwomba mtu.

Kuja natamani, Mama. Nimeikumbuka hata ile bahari yetu inavyogeuka rangi ya udongo mto Sabaki ukifurika, watalii wakakunja uso na sisi tukaoga tu. Nimekumbuka kutembea mpaka mnara wa Vasco da Gama jioni ya Idi na mifuko imejaa njugu. Mahamri huku najipikia, yanafura vizuri, ila mbaazi za kopo na tui la kopo havikutani kama vyako. Juzi nilikuwa nikichimba kwenye bustani ya watu, upepo ukavuma, nikasikia matawi yanagongana, nikamwita Swaleh kwa jina kwa sauti. Yule kijana wa kazi akaniuliza nimesema nini. Sikumjibu.

Nisalimie Shangazi Maryam na goti lake, Bi Rukia, Mwanaisha na mumewe, imamu wa msikiti wetu, na Ami kwa heshima zote. Mwambie nitampigia Jumapili baada ya adhuhuri, na kabla sijampigia asimwambie mtu yeyote alete mawe.

Wasalaam,
mwanao Omari

Zuhura: kabla panga halijaguswa, nenda na Swaleh mpime kutoka ukingo wa majani upande wetu mpaka kwenye mashina ya kwanza ya Babu. Pimeni mwanzo, katikati na mwisho, maana ua haukuvimba sawa. Andika vipimo vyote vitatu, unitumie leo.