Bikoni kwanza, rangi za ramani baadaye

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa ukuaji wa Arusha, dawa inayotajwa upesi ni moja: Jiji liongezewe eneo. Naomba nafasi katika gazeti lako niipinge. Sisemi Jiji halijajaa. Ninachosema ni kwamba ukisogeza mpaka wa utawala, tatizo nalo linasogea. Fununu tu kwamba kijiji fulani kitaingizwa mjini inatosha kuwaamsha madalali, na kabla mpima ardhi hajateremsha vifaa vyake garini, mashamba yameshakatwa hatua 20 kwa 20.

Jiji la Arusha lilihesabiwa kuwa na watu 416,442 mwaka 2012 na 617,631 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la karibu nusu ndani ya miaka 10. Manispaa ya Moshi ilitoka 184,292 hadi 221,733, moja ya tano tu. Anayesoma namba hizo akadhani Moshi imelala hajafika Mabogini. Mji umemwagikia nje ya manispaa, na sensa imewahesabu watu wake huko huko, wilayani.

Ramani tunazo. Mpango Kabambe wa Arusha unaofikia mwaka 2035, ulioandaliwa na kampuni ya Surbana ya Singapore, haukuishia kwenye mipaka ya Jiji. Uligusa pia maeneo ya Halmashauri za Wilaya za Arusha na Meru. Una rangi zake: njano ya makazi, kijani cha wazi, zambarau ya viwanda. Lakini Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inazipa halmashauri mamlaka ya upangaji, kila moja kwenye eneo lake, na mkoa, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, una sekretarieti ya kushauri. Kamati ya Ushauri ya Mkoa, RCC, inakaa, inashauri, inafunga kikao. Asubuhi yake kila halmashauri inarudi kwenye michoro yake na makisio yake.

Haikuwa hivyo siku zote. Serikali za mitaa zilipovunjwa mwaka 1972 na madaraka kupelekwa mikoani, mkoa ndio uliopanga. Kilimanjaro ilichorewa mpango wa maendeleo wa mkoa mzima kwa msaada wa Wajapani, na humo ukatoka mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987, wenye hekta zipatazo 1,100 za mpunga. Ulichorwa vizuri: mifereji ya zege, vitalu vilivyosawazishwa, ratiba ya zamu. Kilichoutesa ni maji. Wakulima wa nje ya mradi, juu ya mito ya Njoro na Rau, waliona mpunga unalipa nao wakalima wa kwao. Maji yakachukuliwa kabla ya kufika kwenye mabanio ya mradi ya kukinga maji. Mstari wa mradi ulizunguka mashamba, na mto ukabaki nje ya mstari.

Nasi tunakaribia kurudia kosa hilo kwenye barabara ya mchepuo.

Barabara hiyo, ambayo wengi huiita baipasi, ina kilomita 42.4 kutoka Ngaramtoni hadi Usa River na inapita halmashauri zote tatu: ya Jiji, ya Arusha na ya Meru. Ilijengwa ili lori la kwenda Namanga au Holili lisikwame Sakina. Sasa piga hesabu. Pande zake mbili zina urefu wa kilomita 84.8. Viwanja vyenye upana wa mita 20 vikijipanga barabarani, vinaingia 4,240, na kila mwenye kiwanja atataka mlango wake, kituo chake cha bodaboda na gereji yake. Milango 4,240 ikishafunguka hakuna mchepuo tena. Kutakuwa na mtaa mrefu wenye malori, na tutaanza kuomba fedha za mchepuo wa pili.

Sheria ya Barabara ya 2007 inahifadhi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Zamani zilikuwa 22.5, na ndiyo sababu ya zile X za rangi mbili ukutani: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya 22.5, ambaye halipwi, na kijani kwa aliyekutwa kati ya 22.5 na 30, ambaye analipwa. X ni taarifa ya msiba; huandikwa nyumba ikiwa imeshasimama. Bikoni ya zege, yaani nguzo fupi ya kuonyesha mpaka, hutangulia. Ikiwekwa kila mita 100 kwenye ukingo wa hifadhi ya barabara, pande zote mbili, zinahitajika kama 850, na nyingine za ziada kwenye kona. Umbali huo una maana yake: aliyesimama kwenye bikoni moja anaiona inayofuata, na mwenyekiti wa kijiji anaweza kukagua kwa kamba bila kumsubiri mpima kutoka wilayani.

Mstari huo peke yake hautoshi. Nyuma ya hifadhi panahitajika barabara ya huduma ya mita 12 hadi 15, inayokwenda sambamba na barabara kuu, ili viwanja vifungue milango huko. Makutano na barabara kuu yawe kila kilomita 2, si chini ya hapo. Kwa urefu wote hayatazidi 22.

Wengi hukwamia hapa: nani atoe ardhi ya barabara za ndani? Chukua eka moja, mita za mraba 4,047. Muuzaji akiikata hatua 20 kwa 20, yaani kama mita 20 kwa 20, bila njia, anapata viwanja 10. Akiacha barabara ya mita 10 kwa kila safu mbili za viwanja zinazopeana mgongo, anatoa asilimia 20, na vinabaki 8. Peke yake hawezi kukubali hasara hiyo, maana jirani asiyetoa kitu atapita kwenye barabara yake bure. Kwa hiyo anaacha kichochoro cha mita 3. Gari la zimamoto halipiti, la kunyonya majitaka halipiti, na bomba la maji likija baadaye linalazwa juu ya mfereji wa mvua. Urasimishaji, yaani kupima na kutambua makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, hauwezi kurudisha mita hizo. Unachofanya ni kukipa kichochoro namba.

Dawa yake ni wenye mashamba wa eneo zima, tuseme eka 50, kuyaweka kwenye mchoro mmoja, kila mtu akatoe asilimia 20 ileile kisha arudishiwe viwanja vilivyopimwa. Hakuna anayelipwa fidia kwa barabara ya ndani, kwa sababu kila mmoja ameichangia na kila mmoja anaitumia. Fedha ya fidia ibaki kwa barabara kubwa na mabomba makuu, ambako mtu mmoja anabeba mzigo wa wote. Huko fidia ni nzito: juu ya thamani ya ardhi na majengo kuna posho ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36, na usafiri wa tani 12 za mizigo kwa umbali wa hadi kilomita 20. Kila nyumba inayoongezeka ndani ya mstari inaongeza hesabu hiyo, kwa hiyo bikoni ya leo ni nafuu kuliko uthamini wa miaka mitano ijayo.

Maji nayo hayajui halmashauri. Mito ya Themi, Naura na Ngarenaro inashuka kutoka miteremko ya Mlima Meru, inakatiza mjini na kuelekea kusini hadi mto Kikuletwa, na Kikuletwa ndio unaoingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Nyumba 8 kwenye eka moja, kila moja na paa la mita za mraba 100, zikipigwa na mvua ya milimita 50 zinamwaga lita 40,000. Ni maboza manne ya lita 10,000, kutoka eka moja, kwa mvua moja. Zamani migomba na kahawa vilinywa sehemu kubwa. Halmashauri ya juu inatoa vibali vya ujenzi, ya chini inapanua makalavati. Zile mita 60 za kingo za mito zilizowekwa na Sheria ya Mazingira ya 2004 zihesabiwe na kuwekewa bikoni katika zoezi hilohilo la barabara, maana mpima ni yuleyule na gari ni lilelile.

Haya yanaweza kufanyika bila kuhamisha mpaka hata mmoja. Mabaraza matatu ya madiwani yapitishe azimio moja, lenye maneno yaleyale na ramani ileile, na kamati ya pamoja ya wapangaji wao ipitie kila mchoro na kila kibali ndani ya mita 500 kutoka barabara. Ofisi ya kila kijiji na mtaa ipewe ramani ya kipimo cha 1:2,500 yenye namba za bikoni, ibandikwe ukutani, na hati ya mauziano isiyotaja bikoni iliyo karibu isigongwe muhuri. Ugumu upo hapa, tusifichane. Ofisi nyingi hutoza asilimia 10 kwenye mauziano, na ofisi inayokula kwa idadi ya mauzo haiwezi kuwa mlinzi wa mstari. Tozo hiyo ibadilishwe iwe ada moja ya kukagua bikoni, isiyopanda wala kushuka kwa bei ya shamba.

Pa kuanzia ni upande wa Olmoti, kunakojengwa uwanja wa mpira wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, kwa sababu huko bei ya ardhi haitasubiri vikao. Kilomita 5 za mwanzo zinahitaji bikoni 100.

Mtaalamu wa mipangomiji,
Tengeru, Arusha