Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Akina Mama Wakatoliki wa Parokia, Mwaka 2025

Imesomwa ukumbini baada ya Misa ya pili, Jumapili ya Ubatizo wa Bwana, tarehe 11 Januari 2026, Nakuru

Baba Paroko, Sista mlezi wetu, wanakamati wenzangu, akina mama wote: Tumsifu Yesu Kristu!

Nawashukuru waliofika mapema, na wanaoendelea kuingia pia karibuni, viti viko nyuma. Katibu amehesabu watu 38. Katiba inataka theluthi moja ya wanachama 84, yaani 28, kwa hivyo mkutano huu ni halali, na tutakayopitisha hapa yatawahusu hata waliobaki nyumbani. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna jambo huko mbele ambalo watu watataka kulijadili langoni badala ya hapa ndani.

Kazi za mwaka mnazijua, nyingi mlizifanya kwa mikono yenu, basi nitapita haraka. Vitambaa vya altare vimefuliwa na kupigwa pasi kila wiki kwa zamu za jumuiya, isipokuwa wiki mbili za Julai ambazo jumuiya moja ilisahau na nikavichukua kwangu. Njia ya Msalaba tuliongoza Ijumaa zetu zote za Kwaresima. Rozari ya Mei na ya Oktoba ilizunguka nyumba kwa nyumba, kutoka Kaptembwo mpaka Mwariki. Baba Mtakatifu Fransisko alipofariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, kesho yake jioni tulijikuta kanisani kwa rozari bila mtu kupiga simu. Sikukuu ya Mtakatifu Monika tuliihamisha kutoka Jumatano tarehe 27 Agosti hadi Jumapili tarehe 31, ili wenye vibanda sokoni wasipoteze siku. Wagonjwa tumewatembelea, wazee tumewatembelea, watoto yatima tulikula nao wiki moja kabla ya Krismasi.

Hija ya Mwaka wa Jubilei tulikwenda Subukia, kwa Mama Maria. Tulikodi mabasi mawili madogo ya abiria 33, waliolipa walikuwa 66, lakini waliopanda walikuwa 71. Hao watano sitawataja. Ninachosema ni kwamba mwenyekiti wenu ndiye aliyesimama mpaka Subukia ili mama mmoja wa miaka themanini na kitu apate kukaa. Tulipanda mlima tukisali, tukateka maji kule juu, na wakati wa kurudi mitungi ilijaa katikati ya basi mpaka hakuna pa kuweka mguu. Mmoja haukuwa na kifuniko. Dereva alituambia tukitaka gari lake tena tuje na vifuniko.

Sasa mahudhurio.

Mkutano wetu ni Jumapili ya pili ya kila mwezi, baada ya Misa ya pili, na siku hiyo haijabadilika tangu kabla sijakuwa mwenyekiti. Hata hivyo kila mwezi kuna anayeniuliza, "Kwani mkutano ni leo?" Idadi kubwa kabisa mwaka huu ilikuwa 47, mwezi wa Machi, siku tuliyogawa leso. Ndogo kabisa ilikuwa 11, mwezi wa Novemba. Mwezi wa Mei tulisubiri mpaka saa saba mchana tukaanza tukiwa 14, ukimhesabu mtoto wa mweka hazina. Lakini ukiingia kwenye WhatsApp ya chama utakuta watu 96. Rejista ina wanachama 84. Hao kumi na wawili sijui ni wa nani, wala nani aliwaingiza, lakini nao hupongeza mkutano ulivyokuwa mzuri.

Naelewa shughuli zenu. Mimi pia nina duka, nina mume, nina wajukuu wawili ninaoishi nao. Jumapili hiyo huwa nafunga duka. Sikusema nisifiwe.

Kuhusu pesa, mweka hazina atawasomea moja moja, mimi natoa kwa jumla. Mwaka tuliuanza na shilingi 41,600. Zikaingia 183,950: ada 106,200, chai na mandazi ya Jumapili 38,450, kukodisha sufuria na vikombe 22,000, na sadaka ya Mtakatifu Monika 17,300. Zikatoka 183,350: rambirambi 75,000 kwa familia tano, mchango wa paa la nyumba ya mapadre 40,000, wagonjwa na wazee 28,700, watoto yatima 24,500, mchango wa jimbo 12,000, karatasi na fotokopi 3,150. Tumefunga mwaka na 42,200. Yaani tumekimbia miezi kumi na miwili, tumekaanga mandazi, tumekodisha sufuria, na tumeongeza shilingi 600.

Kisa ni ada. Ada ni shilingi 200 kwa mwezi. Wote 84 wangelipa tungekuwa na 201,600. Waliomaliza mwaka ni 31. Waliolipa nusunusu ni 29. Ambao hawakutoa hata senti ni 24, na baadhi yao naona wamekuja leo, karibuni sana. Msiniambie ni umaskini peke yake. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalipowazoa watu usiku kule Mai Mahiu, kwa Jumapili mbili tu tulijaza pikapu unga, blanketi na nguo za watoto, na waliotoa zaidi ni hawahawa ambao rejista inasema hawana. Moyo ukitaka, mkono unafunguka. Ada haina picha kwenye runinga, ndiyo maana.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo la mwezi wa Juni. Najua mmelingoja.

Mwanachama wetu mmoja alifiwa na mama yake mzazi. Simtaji jina, na naomba watakaosimama kuchangia wasimtaje. Wote tunamjua. Ni mama ambaye hakuna matanga ya parokia hii aliyokosa. Ukiona moshi nyuma ya nyumba ya kilio, yuko hapo na mwiko, amejifunga leso kichwani, anawaambia vijana waongeze kuni. Kwangu pia alipika, nilipomzika dada yangu. Lakini kwenye daftari la mweka hazina alikuwa na deni la miezi 14, tangu Aprili 2024, shilingi 2,800. Na kifungu cha 9 cha katiba kinasema mwenye deni la zaidi ya miezi mitatu atatembelewa na kuombewa, ila hatapewa zile 15,000 za rambirambi.

Kamati ina watu tisa. Saba tulifika. Wanne walisema sheria ifuatwe, wawili walikataa. Mwenyekiti hupiga kura ikilingana tu, na haikulingana. Kwa hivyo wanaosema "mwenyekiti alimnyima" hawajui hesabu. Kwamba nilizungumza kabla ya kura, na kwamba nilizungumza kwa muda mrefu, hilo siwezi kulikana.

Imesemwa pia kwamba mwaka 2023 tulimpa mtu mwenye deni. Ni kweli. Alikuwa na deni la miezi mitano, na ndiyo, alikuwa wa jumuiya yangu, na ndiyo, tunaitana shemeji. Lakini wakati huo kifungu cha 9 hakikuwepo. Ni yale makelele ya 2023 yaliyokizaa. Mkutano mkuu wa Januari 2024, katika ukumbi huu huu, mlisema upendeleo uishe, mkainua mikono. Niliihesabu mwenyewe: 52 wakikubali, watatu wakikataa. Sasa sheria iliyotungwa kwa ajili ya shemeji yangu ikamkuta mtu mnayempenda, na mkasema sheria ni mbaya. Mngeniambia nifanye nini? Nikitoa mnasema napendelea, nikikataa mnasema sina utu.

Wapo walioniuliza, mbona hamkukata ile 2,800 mkampa 12,200 zilizobaki? Wazo zuri sana. Lilikuja siku nne baada ya mazishi. Kwenye kikao hakuna aliyelitoa, hata wale wawili waliokataa.

Na sote hapa tunalia SHA, bima ya afya ya serikali, ikitaka tulipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo kabla ya kutibiwa. Mimi mwenyewe nalia. Tangu ichukue nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, simu za kuomba tuchangie bili za hospitali zimekuwa nyingi kuliko za rozari. Lakini mfuko wa pamoja ndivyo ulivyo: anayeumwa leo analipiwa na aliyelipa jana. Aliyefiwa mwezi wa Februari alipewa 15,000 zilizotoka kwa watu 31 waliokamilisha ada na wengine wachache. Ningewaangaliaje usoni hao 31?

Msifikiri hatukwenda. Tulikwenda Elburgon, akina mama 19 ndani ya matatu moja na nusu, kupitia Njoro, siku ya baridi na matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Tulibeba blanketi, sukari, mchele na mafuta ya kupikia. Tulichangishana njiani tukapata 6,300, na kwa kuwa imetangazwa kwamba mwenyekiti hakutoa kitu, nitasema ambacho sikutaka kusema: 2,000 kati ya hizo zilitoka kwenye mkoba wangu. Tuliimba, tulisali, tulikabidhi bahasha. Ilikuwa nyembamba na kila mtu aliiona ni nyembamba.

Baadaye, kwenye hema, mwenye msiba mwenyewe alikuja na birika. Si mtoto wake, si jirani. Akanimiminia chai mimi kwanza, akaniuliza kama sukari inatosha. Nikasema inatosha. Haikuwa na sukari hata kidogo, nadhani walisahau kutia, lakini sikuweza kumrudisha. Nikainywa hivyo hivyo.

Mwezi wa Agosti, saa nne usiku, M-Pesa ya mweka hazina ikaingia ujumbe: shilingi 2,800. Bila neno, bila salamu. Tangu siku hiyo mama huyo hajafika kwenye mkutano hata mmoja. Misa ya pili anakuja, anakaa upande wa kwaya. Mwezi wa Oktoba nilimpelekea salamu kupitia kwa Sista. Salamu zilirudi, kwamba yuko salama, na anashukuru. Nyumbani kwake sijakwenda. Nilikuwa nangoja haya yajadiliwe kwanza katika mkutano mkuu, ili nisionekane naomba radhi kwa niaba ya kamati kwa jambo ambalo kamati haijakosea. Sista ana maoni tofauti na ameniambia.

Kwa hivyo kamati inaleta pendekezo mbele yenu: kifungu cha 9 kirekebishwe, deni lolote likatwe kwenye rambirambi na kinachobaki apewe mwenye msiba. Mtalipigia kura kabla ya chakula. Pendekezo hilo si kukiri kosa. Na likipita, litaanza leo, halitarudi nyuma mpaka Juni. Mweka hazina anasema likirudi nyuma kwa mmoja litarudi kwa wote, na mfuko hauna hizo pesa. Kama mna njia nyingine, vipaza sauti viko viwili, jamani, na kimoja kinafanya kazi.

Kuhusu mwaka huu wa 2026, tunatumaini, Mungu akitujalia, kuanza mradi. Wengine wanataka kuku, wengine cherehani, wengine hema letu wenyewe tuache kukodi la watu. Tutaunda kamati ndogo ya kuangalia. Tunatumaini pia kuwaleta mabinti wetu, maana nikitazama ukumbi huu naona mvi nyingi, zangu zikiwemo. Uchaguzi ni mwakani. Nimeulizwa kama nitagombea tena. Sijaamua. Kuna siku nasema la, halafu naangalia ni nani atakayefua vitambaa jumuiya zikisahau.

Namshukuru Baba Paroko kwa kutuvumilia, Sista kwa kunikosoa faraghani, katibu kwa mwandiko wake, na mweka hazina, ambaye amepigiwa simu za matusi mwaka huu na hajawahi kupoteza hesabu hata ya shilingi kumi.

Mwisho ni la sufuria. Tuna sufuria nne kubwa, zimeandikwa namba kwa rangi nyekundu chini. Namba mbili ilitoka kwenda harusi mwezi wa Novemba na haijarudi. Ni ile yenye mkono mmoja ulioshonwa kwa waya, ile anayoipenda yule mama wa jikoni kwa sababu haiunguzi wali. Aliyenayo airudishe, hata kama ni usiku aiache kwa mlinzi.

Mwenyekiti