Risala kwa Mgeni Rasmi siku ya kufungua chumba cha kusomea, Masasi: Tunaomba vitabu vya picha vya maisha ya viongozi wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Masasi,
Ndugu Maafisa Elimu,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Viongozi wa dini, wazee wetu, wazazi na walezi,
Watoto wetu wapendwa,

Shikamooni wazee. Itifaki imezingatiwa.

Sisi wazazi na walimu wa kikundi cha kusoma cha shule hii tunakushukuru kwa kukubali kuja, tena katika msimu huu wa korosho ambapo kila ofisi ina watu mlangoni. Umeacha mengi ili uje kufungua chumba cha watoto wa awali, darasa la kwanza na la pili. Tumefarijika sana.

Chumba chenyewe utakiona muda si mrefu. Kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Wazazi wamesomba mchanga na kupiga plasta, akina mama wameleta mikeka, na fundi mmoja ambaye mjukuu wake yuko awali ametengeneza kabati bila kudai ujira. Miguu ya kabati hilo imesimama kwenye makopo yenye oili chafu, maana mchwa wa hapa kwetu wanamaliza karatasi kwa usiku mmoja. Kwa hayo yote tunamshukuru Mungu na tunawashukuru waliojitolea. Kilichotufanya tuandike risala hii ni kile ambacho bado hakimo ndani ya kabati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mna hadithi za sungura na fisi, mna vitabu vya kusoma, kuandika na kuhesabu. Hamna kitabu hata kimoja ambacho mtoto wa miaka sita anaweza kukifungua akaona, kwa picha na kwa sentensi anazozimudu, maisha ya mtu aliyeiongoza nchi yake. Viongozi anawajua kama picha za ukutani. Anatumwa chaki ofisini, anainua macho, anamwona Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, anamwona Rais Samia Suluhu Hassan, anachukua chaki anatoka. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili litamfikia baadaye, likiwa na tarehe zake na majina ya vyama. Tunaliunga mkono somo hilo kwa moyo wote. Lakini mtoto atakayelifikia akiwa amekwisha kukutana na Kambarage anayechunga mifugo ya baba yake atalisoma kwa hamu ambayo tarehe peke yake haiwezi kuileta. Watoto wa Marekani na Uingereza wana vitabu vya picha vya maisha ya Nelson Mandela na vya Wangari Maathai. Hao ni watu wa bara letu. Hatuoni kwa nini mtoto wa Masasi akose vya watu wa wilaya yake.

Kwa hiyo tulianza wenyewe, kwa mikono. Tulikunja karatasi za manila, tukazishona mgongoni kwa uzi wa nailoni, mwalimu mwenye kipaji cha kuchora akachora, na walimu wa darasa la kwanza wakapunguza maneno mpaka sentensi zikatosha pumzi ya mtoto. Kijitabu cha kwanza ni cha Mzee Benjamin William Mkapa. Alizaliwa Lupaso, humu humu wilayani, tarehe 12 Novemba 1938, na alipofariki Julai 2020 alirudishwa Lupaso kuzikwa. Kurasa zinamtoa kijijini, zinampitisha shule za Ndanda, Kigonsera na Pugu, zinamfikisha Chuo cha Makerere, zinamketisha kwenye meza ya mhariri wa gazeti, na mwaka 1995 zinamwingiza Ikulu.

Ukurasa ambao watoto wanaugombania ni ule wa mto Rufiji. Upande wa kushoto tumechora pantoni pale Ndundu, foleni ya magari, abiria wameketi juu ya mizigo yao, mama mmoja anamfunika mtoto kwa khanga. Upande wa kulia ni Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na basi linapita bila kusimama. Maneno ya ukurasa huo ni machache mno. Siku wazazi walipoalikwa kusikiliza, wale waliowahi kulala ukingoni mwa Rufiji wakati wa masika walianza kuwasimulia watoto wao kabla mwalimu hajafika mwisho wa sentensi, na mwalimu akawaachia nafasi. Tunataka vitabu vya namna hiyo, vya kumfanya bibi au babu aongeze lake.

Kijitabu hicho kiliposomwa darasani, mtoto mmoja aliuliza: "Mwalimu, Benjamin naye alikuwa anakula mabibo?" Darasa zima likageuka kumtazama mwalimu. Mwalimu hakubuni jibu. Alisema tutawauliza wazee wa Lupaso. Tangu siku ile tumejiwekea kanuni: tusichokijua hatukichori. Anayeandikia watoto wadogo ana kishawishi kikubwa cha kutunga, cha kumfanya kiongozi awe hodari tangu siku ya kuzaliwa, asiyelia, asiyeogopa, asiyekosea hesabu. Mtoto huyo huyo atakua. Siku akigundua kwamba alitungiwa, hata yale ya kweli hatayaamini. Na ukweli wenyewe hauna upungufu. Nani anahitaji kutunga kuhusu Mwalimu Nyerere? Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, na jina la Kambarage alipewa kwa ajili ya mvua iliyokuwa ikinyesha. Huo tayari ni ukurasa, na mvua watoto wanajua kuichora. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito, mama yake Mgaya. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Watoto wetu wa miaka sita wakisikia hivyo wanashangaa kweli kweli, kwa sababu kwao mtu wa miaka 12 ni mkubwa wa kukaribia kumaliza darasa la saba.

Katika picha pia ukweli una kazi. Mchoraji akitaka watoto wamtambue Mwalimu haraka, atampa kifimbo na kofia, hata kama ukurasa unaonesha mtoto wa Butiama. Sisi tunasema hapana. Kile kifimbo ni cha mtu mzima, kiongozi wa nchi. Mtoto wa Butiama apewe mifugo, apewe vumbi la njiani, na kwa kuwa meno yake yalichongwa kwa desturi ya Wazanaki, akitabasamu yaonekane yamechongwa. Kifimbo kitakuja mbele, kurasa nyingi baada ya kuanzishwa kwa TANU, chama cha kudai uhuru, Julai 7, 1954, na baada ya mwaka 1955 alipoacha kufundisha Pugu ili atumikie chama. Mtoto aone mtu anakua, anabadilika, anachagua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatutaki viongozi wanaume peke yao. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa vikundi vya ngoma kabla hajasimama kwenye majukwaa ya TANU, na ni yeye aliyewaita wanawake wakaja kwa wingi. Kwa mtoto wa awali hakuna mlango mzuri kuliko wimbo. Wapo waliotuuliza tutafanyaje na sehemu ngumu ya maisha yake, kwamba alikamatwa mwaka 1969 kwa shtaka la uhaini, akafungwa, akasamehewa mwaka 1972. Jibu letu ni kwamba tutaisema, kwa sentensi mbili fupi, kama mama anavyomweleza mtoto jambo zito bila kumtisha. Ukiuficha ukurasa huo humheshimu Bibi Titi.

Kwa kipimo hicho hicho tunataka kuandika habari za watu wa Kusini waliosimama kabla taifa hili halijapata jina lake. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa Luagala, ambako leo ni wilaya ya Tandahimba, aliwajibu Wajerumani kwa barua ya Kiswahili: urafiki yuko tayari, utumwa wa kutawaliwa hawezi. Mtoto anayejifunza kuandika barua yake ya kwanza anastahili kujua kwamba mtu wa hapa hapa jirani aliwahi kuandika barua ya namna hiyo. Nandete, Kilwa, mwaka 1905, watu walichoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu, wakaing'oa shambani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mkono unaong'oa mche wa pamba unatosha ukurasa mzima. Kinjekitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani Agosti ya mwaka huo. Tutaandika kwamba waliogopa maneno yake wakamuua, na kamba hatutaichora. Nachingwea nako, wapiganaji wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walifanya mazoezi chini ya Samora Machel, ambaye mwaka 1975 alikuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji. Watoto wetu wengi wana shangazi na wajomba ng'ambo ya Ruvuma. Kitabu cha Samora kitawahusu moja kwa moja.

Wazee wachongaji waliopo hapa watatuelewa tukisema kwamba kitabu cha kiongozi kiwe kama kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, watu wamebebana, wameshikana, kila mmoja ana uso wake. Aliyepika chakula cha mkutano awemo. Aliyemfundisha herufi awemo. Tukimchora kiongozi peke yake kila ukurasa, mtoto atadhani nchi ilijengwa na watu wanane.

Sasa tuseme yanayotukwamisha. Vijitabu vyetu ni nakala moja moja. Watoto wakikaa mkekani kuzunguka kijitabu kimoja, wa nyuma wanasikia tu, hawaoni, na kwa mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kimakua, Kiyao, Kimwera au Kimakonde, picha ndiyo inayomshika mkono mpaka alifikie neno la Kiswahili. Asipoiona amepoteza nusu ya somo. Manila inalegea, rangi za penseli zinafutika kwa jasho la vidole. Kuchapa kwa rangi ni ghali ukichapa nakala chache. Kiwandani kazi kubwa ya kuandaa mashine ni ile ile, uchape nakala hamsini au elfu tano, ndiyo maana bei ya kila nakala inashuka kadiri idadi inavyopanda. Shule moja haiwezi. Wilaya yenye halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, inaweza.

Hapo ndipo ombi letu lilipo, Mheshimiwa. Tunaomba ofisi yako izikutanishe halmashauri zote mbili, vyama vya msingi vya wakulima wa korosho na wadau wengine, ili kijitabu cha Mzee Mkapa kichapwe kwa pamoja, kwa rangi, kurasa 24, jalada gumu la kuhimili mikono ya watoto, na kila shule ya msingi wilayani ipate nakala za kutosha darasa zima kukaa wawili wawili. Kabla ya kuchapa, kikaguliwe na wataalamu wa elimu na kipate ithibati inayotakiwa. Hatutaki njia ya mkato katika jambo la watoto. Tunaomba pia barua ya utambulisho ili walimu wetu waende Lupaso, wakae na wazee waliosoma na kucheza na Benjamin au waliosimuliwa na wakubwa wao, warekodi sauti zao sasa, wakiwa bado wana nguvu ya kusimulia. Na wanachuo wa Chuo cha Ualimu Ndwika wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, tunaomba waelekezwe kwetu. Wavisome vijitabu hivi mbele ya watoto na watuambie ni ukurasa gani mtoto anaufungua tena na ni upi anauruka.

Wachoraji tunao. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la uchoraji unaojulikana duniani, alitoka Tunduru, jirani zetu. Vijana wenye mikono ya namna hiyo wapo Masasi, wanachora mabango ya saluni na maduka. Tungependa walipwe ujira wa haki kwa kazi hii, na majina yao yaandikwe kwenye jalada ili watoto wajue kwamba hata kitabu kina mtu aliyekitengeneza.

Kwa upande wetu, kikundi kimekubali kuendelea kusoma na watoto kila Jumamosi asubuhi, kutunza chumba, na kuandaa vijitabu vya Bibi Titi na Machemba wakati cha Mzee Mkapa kikiwa kiwandani. Kamati ya Shule imekubali mtoto aazime kitabu na kukipeleka nyumbani Ijumaa, kikirudi Jumatatu kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Swali la mabibo bado linasubiri jibu, na watoto wanatukumbusha kila wiki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba sasa ukate utepe, uingie, ukae mkekani pamoja nao na uwasomee ukurasa mmoja utakaouchagua mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.