Doria ya usiku asiachiwe askari mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hoja inayorudi kila mara kwenye vikao vya mitaa hapa Dodoma, kwamba askari wa doria watawanywe mmoja mmoja ili wafike mitaa mingi zaidi. Wanaoitoa wana sababu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, na tangu hapo nyumba hazijaacha kuota Nala, Nzuguni, Ihumwa hadi Mtumba. Kata ziko 41. Ukiwapanga askari wawili wawili, doria zako zimepungua nusu pale pale.

Kwa mchana nakubaliana nao. Askari wawili wakipita Soko la Majengo huongea wao kwa wao. Akiwa mmoja, atasimama kwa muuza nyanya, atasalimia, ataulizwa habari za nyumbani. Mkaguzi wa polisi wa kata hufanya kazi yake hivyo hivyo, na anayeijua hupata taarifa ambazo difenda lililojaa askari halizipati ng'o, kwa sababu watu hunong'ona na mtu mmoja, tena pembeni.

Usiku ni habari nyingine. Mtaani kwetu vijana wawili walichapana chupa kwenye kilabu cha pombe. Tulipiga simu, akaja askari mmoja kwa pikipiki, tena upesi kuliko tulivyotegemea. Kwa hilo nampa heko. Akamtia mmoja pingu. Wa pili akawa anamzunguka, shingo ya chupa mkononi, ndugu zake nao wanasogea. Afande alitakiwa kumshika aliyefungwa, kumtazama aliye huru, kulinda pikipiki ya serikali na kuongea na kituo, vyote kwa wakati mmoja. Kijana wa chupa akatoweka gizani. Na huyu wa pingu afike vipi kituoni? Nani atambeba mtuhumiwa mgongoni huku mikono yote miwili iko kwenye usukani? Ikabidi aombwe bodaboda: dereva mbele, mtuhumiwa katikati, mgambo nyuma. Mshikaki ule ule ambao kesho yake dereva huyo angekamatiwa na trafiki!

Wapo wanaotaja utafiti wa San Diego, Marekani, uliochapishwa 1977. Ulilinganisha magari ya doria yenye askari mmoja na yenye wawili, ukaona wa peke yao walifanya kazi vizuri vile vile, hawakuumia zaidi, na gharama ilikuwa ndogo. Ni kweli. Ila askari wale walikuwa ndani ya magari, na wakiita msaada kwenye redio gari la pili lilikuwa njiani. Walikuwa peke yao kwenye kiti tu. Hombolo iko zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Askari akizidiwa huko saa nane usiku, msaada wake wa kwanza ni mwananchi aliyeshtuka usingizini.

Sisemi wawili ni ngao. Aprili 2017, Kibiti, askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Lakini kazi nyingi za usiku mtaani si mashambulizi ya bunduki. Ni walevi, ugomvi wa ndoa, mwizi wa kuku anayetaka kuchomwa moto na majirani. Hapo mmoja anaongea na watu, mwenzake anaangalia mikono yao.

Halafu kuna suala la ushahidi. Askari wa peke yake akimsimamisha mtu gizani, asubuhi huyu anadai aliombwa rushwa, yule anadai alitukanwa, na mkubwa wa kituo hana pa kushika. Najua nitaambiwa wawili wanaweza kula pamoja. Wanaweza, lakini hata wala rushwa huogopana.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba vijana wetu wa ulinzi shirikishi hakuna anayewaruhusu kutoka usiku mmoja mmoja. Mzazi gani angekubali? Mtoto wa mwenzetu aliyevaa sare ndiye tunataka aende peke yake, kisa ana mafunzo.

Pendekezo langu ni pikipiki mbili, askari mmoja kila moja, na kila mmoja aone taa ya mwenzake. Mchana watawanyike, kuanzia saa mbili usiku waungane. Wa kuongezea watapatikana kwa kupunguza askari wanaokesha kwenye mageti ya benki, ambazo zina uwezo wa kulipa walinzi binafsi. Majaribio yaanzie Nala, Ihumwa na Hombolo, na yaanze kabla ya mvua za Desemba, maana makorongo yakijaa, difenda la kutoka mjini halitegemewi.

Msomaji wako,
Kikuyu, Dodoma