Mchango wa Safari ya Minara ya Taa: Watoto 42 na Bandari Yao ya Portland

Ndugu zetu wapendwa, Bwana asifiwe.

Mwezi wa tatu ukungu ulishuka siku nne mfululizo, na Jumamosi mtoto mmoja akauliza darasani, "Mwalimu, nani anapiga pembe usiku kucha?" Wenzake wakaanza kubishana. Huyu anasema ni treni, yule anasema ni meli imepotea. Wengi wao wamekulia hapa Portland, Maine, na sauti ile wanalala nayo, lakini hakuna aliyejua kwamba inatoka kwenye mnara wa taa, na kwamba inawaambia manahodha: msije huku, kuna mwamba.

Tunataka kuwapeleka wakaone. Watoto 42 wa darasa letu la Kiswahili na wazazi 8, minara mitatu, Jumamosi moja ya Septemba. Tunaomba mtushike mkono.

Tutaanzia South Portland, kwenye mnara mdogo ambao wenyeji wanauita Bug Light. Umejengwa mwaka 1875 kwa chuma, mweupe, una nguzo kama za hekalu la Wagiriki, na kwa kimo unaweza kudhani ni wa kuchezea. Pembeni yake, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kulikuwa na viwanda vya meli vilivyounda meli 236 za mizigo za aina ya Liberty. Taa ilizimwa enzi hizo za vita, ikawashwa tena mwaka 2002.

Wa pili ni Spring Point Ledge, wa mwaka 1897. Mafundi wa magari mtakubaliana nasi: umbo lake ni plagi kamili. Ulijengwa ndani ya maji, juu ya mwamba uliokuwa ukizidhuru meli, na kwa zaidi ya miaka 50 huwezi kuufikia bila mtumbwi. Mwaka 1951 ndipo ukuta wa mawe wa kuvunja mawimbi, wa futi 900 hivi, ulipouunganisha na nchi kavu. Mawe yenyewe ni makubwa na yana mianya katikati. Hapo ndipo tunapohitaji wazazi 8. Walimu wawili hawatoshi.

Wa tatu ndio mkubwa wao, Portland Head, kule Cape Elizabeth. Uliwashwa Januari 1791, George Washington akiwa rais na Maine yenyewe ikiwa bado haijawa jimbo. Nyumba ya walinzi wa taa sasa ni makumbusho. Lakini sisi tunawapeleka watoto hasa kwa ajili ya jiwe lililo chini ya mnara, lililoandikwa kwa rangi. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1886, meli ya Annie C. Maguire ilikwama pale pale miambani, karibu kabisa na nyumba. Mlinzi Joshua Strout na watu wake walitoa ngazi, wakailaza kati ya meli na mwamba, na wote waliokuwa melini wakavuka salama. Husimuliwa kwamba mke wake aliwachukua kuku waliokuwa wa sikukuu akawapikia wale mabaharia. Tulipoisoma habari hii darasani, mama mmoja wa Uvira aliacha kushona, akasema, "Kumbe hata hawa huchinjia wageni kuku!"

Baadhi yetu tuliingia mji huu mwaka 2019 tukalala kwenye vitanda vya turubai ndani ya ukumbi wa michezo wa Expo. Watu tusiowajua walituletea chakula. Basi habari ya ile ngazi na wale kuku hatukuhitaji kufafanuliwa.

Wazee waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika nao wameomba nafasi ya kuzungumza na watoto. Kule, wavuvi wa ndagala huwasha karabai usiku ili samaki waje. Kule taa huita, hapa taa hufukuza. Tumewapa dakika kumi. Tunajua watachukua arobaini.

Mwaka jana tulijaribu kwenda kwa magari yetu wenyewe. Moja likazima darajani, mawili yakarudi kulisukuma, na tulipofika Spring Point mlango ulikuwa umeshafungwa. Watoto walipiga picha na kufuli. Ndiyo maana safari hii tunataka basi moja.

Hesabu ni hii. Basi la siku nzima dola 720, maegesho ya basi na viingilio 230, chakula na maji 300, na makoti ya kuzuia upepo kwa watoto wasio nayo 200. Jumla dola 1,450. Mkononi tuna 415, nyingi zikiwa za akina mama wanaosafisha samaki bandarini, waliochangia dola tano tano kila Ijumaa ya mshahara. Zimebaki 1,035.

Hakuna kiwango. Dola 5 tunaipokea, na aliye na 100 asione haya. Asiye na fedha alete mandazi, au ajitolee kusimama kwenye yale mawe na kushika mikono ya watoto. Fedha zote apewe mama mhazini baada ya ibada, naye ataandika jina na kiasi kwenye daftari mbele yako. Usimpe mtu mwingine, hata mimi niliyeandika barua hii. Hesabu itasomwa kanisani kila Jumapili, na tunafunga mchango Jumapili ya mwisho ya Agosti ili basi lilipwe mapema.

Wazazi mnaosafiri nasi: viatu vya kufunga, tafadhali. Ndala zibaki nyumbani, na vitenge virefu pia. Upepo wa pale hauna adabu.