Barua ya wazi kwa vijana wetu wa mahotelini: simu ya kampuni irudisheni, mambo yenu msiyaache ndani

Assalaam alaykum wanangu,

Nakuandikieni nyie mnaofanya kazi mahotelini, Nungwi, Kiwengwa, Paje, Jambiani, na nyie wa makampuni ya kutembeza wageni hapo mjini, na khasa watoto wa Pemba mliovuka kuja Unguja kutafuta maisha kama mie nilivovuka zamani kutoka Wete. Nishastaafu sasa, nipo zangu Fuoni nalea wajukuu, lakini miaka mingi nilikuwa ofisi ya utumishi kwenye hoteli za pwani, yani mie ndo yule mama mnokwenda kumuona siku ya kwanza na picha za pasipoti na kitambulisho cha Mzanzibari, na ndo huyo huyo mnokwenda kumuona siku ya mwisho na fomu ya klirensi mkononi, ile ya kuonyesha mmerudisha vitu vyote, mnataka saini mwende zenu. Kwa hiyo haya ninosema sikuhadithiwa.

Mnajua wenyewe masika yakishakolea, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinafunga au zinapunguza watu, mikataba inaisha, na watu wanapanga foleni kurudisha vitu: yunifomu, funguo, beji, na siku hizi simu. Yunifomu inakaguliwa kifungo kwa kifungo. Simu inaulizwa swali moja tu, inawaka? Inawaka. Haya, saini hapa.

Kule nilikofanyia kazi mwisho, simu zikirudishwa zilikuwa zinatiwa ndani ya kopo la biskuti, lile la bati, juu ya kabati la stoo, kila moja kabandikwa kipande cha selotepu na jina la mtu kwa kalamu. Hakuna aliyekuwa akizifuta. Akija mfanyakazi mpya stoo kipa anapekua mle, anatoa yenye kioo kizima, anabandua selotepu anabandika jengine, kazi njema bwana. Mtu wa aitii tulikuwa naye mmoja kwa hoteli tatu, akija ni mbio kwenye intaneti ya wageni maana mgeni akikosa intaneti anaandika mtandaoni hoteli mbaya, sasa simu zenu atazikumbuka saa ngapi.

Kuna binti mmoja alikuwa upande wa buking, mkataba wake umeisha mwezi wa nne, karudisha simu, kasaini, tumeagana vizuri. Ile simu akapewa kijana wa transpoti. Sasa yule binti alikuwa kaingiza Gmail yake mwenyewe mle, ile anayotumia kwa kila kitu, na hakuitoa. Kafika kwao kanunua simu mpya kaingiza Gmail ile ile, picha zinajihifadhi zenyewe mtandaoni kama kawaida. Mwezi unaofuata dada yake anaolewa. Na harusi zetu mnazijua, kule ndani kwa wanawake buibui limevuliwa, nywele zimetengenezwa, kila mtu kavaa anavotaka kwa vile mwanamme hapiti, na pengine simu zinakatazwa tokea mlangoni. Bibi harusi kapigwa picha na mdogo wake, si mtu wa mbali, na zile picha zikawa zinatokea moja moja kwenye simu ya kijana wa transpoti, mwenyewe yupo uwanja wa ndege kashika kibao anasubiri wageni. Allah amjaalie kheri, alikuwa na adabu zake, kaja ofisini kaigeuza simu kifudifudi juu ya meza yangu, kanambia mama hii simu mie siiwezi, nichukulie. Nikampigia binti pale pale. Kwa yule ilipita salama. Na hakuna aliyeiba kitu wala aliyedukua mtu, kila mmoja kafanya kazi yake tu.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na simu ya kampuni ndo nguo yenyewe. Mtu anapewa simu nzuri, kamera kali, bando la ofisi, basi ile yake ya kioo kilichopasuka anampa mdogo wake na maisha yote anayahamishia mle, magrupu ya ukoo, picha za watoto, vyeti vya hospitali, mazungumzo na mchumba, pesa za simu, benki. Simlaumu, bando lina raha yake. Lakini ile simu itarudi kwenye kopo la biskuti, leo au masika yajayo, na pengine hutopewa hata siku ya kujitayarisha, unaitwa ofisini saa nne asubuhi unaambiwa acha kila kitu hapa. Nishakaa kwenye vikao hivo upande wa pili wa meza, mtu anaomba dakika kumi tu atoe picha za mama yake marehemu na meneja anatizama saa.

Kwa hiyo hilo jambo la kutenganisha mambo yenu na ya kazi lifanyike mapema, si siku ya kutoka. Simu ya kazi ifungulieni akaunti ya kazi, imeili mpya isiyo na kitu chenu, au waambieni ofisi wakupeni. Yako ya roho ibaki kwenye kisimu chako, hata kama kioo kimepasuka. Na tizameni kwenye setingi, simu nyengine zinakuja zishawekwa programu ya usimamizi na zinaandika kabisa kwamba kifaa hichi kinasimamiwa na kampuni, maana yake wenyewe wanaweza kujua programu gani umeweka, wanaweza kuifunga au kuifuta yote wakiwa kwao, na mara nyengine wakajua ilipo. Wengine mnatiwa programu hiyo hiyo kwenye simu zenu wenyewe kwa ajili ya imeili ya ofisi tu, mnabonyeza kubali kubali bila kusoma. Ulizeni kwanza, ikifutwa inafutwa sehemu ya kazi peke yake au na ya kwangu?

Na huyo anonambia WhatsApp imefungwa hakuna anayeweza kusoma, ni kweli ujumbe unafungwa njiani tokea 2016, lakini ni njiani mwanangu. Ukishamkabidhi mtu simu iko wazi atasoma kama unavosoma wewe. Halafu kuna ile kompyuta ya mapokezi, hii ndo inanikera, kila mtu kaunganisha WhatsApp yake pale ili asitoe simu mbele ya mgeni, zamu ikiisha kaondoka haikutolewa, na hata akiacha kazi bado ipo, mwenzake wa zamu ya usiku anasoma mume wa mtu kaandika nini. Fungueni kwenye simu yenu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, mtashangaa vimo vingapi.

Kufuta nako kuna mambo yake, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana wengi mnakosea kwa hasira. Zile chati za wageni, vocha za buking, namba za madereva, hizo si zako, ni amana ya kazi. Kuna kijana aliambiwa mkataba haurejeshwi, kakasirika kafuta kila kitu pamoja na mabuking ya watu waliokuwa wanateremka wiki ile ile, ikawa kesi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku kwetu, na kuharibu taarifa za watu bila ruhusa ni kosa, na kuingia kwenye imeili ya ofisi baada ya kutoka kwa vile tu pasiwedi bado unaikumbuka nako ni kosa. Na kuna waliotoka na orodha nzima ya wageni wakaanza kuwaandikia, hoteli ghali ile njooni kwangu. Mteja ukimpata kwa jasho lako ni wako, lakini yule alikupa namba yake kwa vile umevaa beji ya watu.

Basi utaratibu uwe hivi, kwanza unakabidhi mambo ya kazi kwa mwenye kuyapokea na mnaandikishana, halafu unawaambia mbele yao sasa natoa vya kwangu, unatoa picha, unatoa pesa, unatoa akaunti yako kwenye setingi, ndo mwisho simu inafutwa kutoka humo humo kwenye setingi kwa idhini yao. Usije ukaifuta kwa vitufe vya pembeni akaunti yako ikiwa bado imo, maana simu hizi za Android kwa miaka mingi sasa zina kufuli, ikiwaka inamtaka mwenye akaunti ya mwanzo, na iPhone ni vivo hivo tokea 2013. Kampuni inabaki na kigae, na wewe unapigiwa simu unaambiwa leta pasiwedi la sivo mshahara wa mwisho huuoni. Pasiwedi usiitoe, si kwa meneja si kwa aitii, hata wakikubembeleza. Nenda mwenyewe, ichape kwa mkono wako, toa akaunti, ondoka. Na kabla hujaikabidhi bonyeza *#06# uandike kwenye fomu ile namba ndefu ya utambulisho wa simu, IMEI, uandike na hali ya kioo, na fomu upige picha, kwa simu yako lakini.

Laini nazo zina balaa lake. Ikiwa laini ni ya kampuni, siku unayotoka inapewa mwengine, na kila ulikoandikisha ile namba, benki, pesa za simu, imeili, meseji za kuthibitisha zitaenda kwa huyo mwengine. Hamisheni namba huko mapema, na WhatsApp yenyewe ina sehemu ya kubadilisha namba, unahama na magrupu yako yote. Kuna na kinyume chake, na huku kwetu ndo kumejaa, meneja anamwambia kijana mwanangu hebu nenda kasajili laini ya ofisi, na kijana anatia kidole chake na kitambulisho chake. Tokea usajili wa alama za vidole ulipoanza 2019 laini inamjua mwenye kidole, haimjui meneja. Umetoka kazini miaka, laini bado iko mapokezi inatumika, siku mtu akitapeliwa kwa laini ile anayetafutwa kwanza ni wewe. Piga *106# utizame laini zilizo kwa jina lako, usiyoitambua au isiyokuwa mkononi mwako iandikie ofisi waihamishe, wasipoihamisha ifunge.

Mtaniuliza sheria inasemaje. Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 15 inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, na ya Muungano ibara ya 16 vilevile. Ipo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na mitandaoni watu wanairusha kama ngao, lakini isomeni vizuri, kwa upande wa Zanzibar sheria ile haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na ajira kwetu si ya Muungano, ina sheria yake nam. 11 ya 2005. Kwa hiyo usiingie ofisi ya meneja kichwa kichwa na maneno uliyoyasikia kutoka Bara. Kilicho karibu yako zaidi ni mkataba wako na ile karatasi ya kanuni za simu uliyosaini bila kusoma, iombeni kopi leo.

Huko Romania kuna bwana mmoja, Bărbulescu, alikuwa mtu wa mauzo kama nyie, mwajiri kamwambia afungue akaunti ya Yahoo Messenger ajibu wateja, kumbe wanamchungulia, wakamtolea kurasa chungu nzima za maneno yake na kaka yake na mchumba wake, wakamfukuza 2007. Kaenda mahakama za kwao kashindwa, kaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kashindwa mara ya kwanza, mpaka Septemba 2017 ndo wakampa haki, wakasema mwajiri anaweza kusimamia lakini amwambie mtu kabla, na amwambie kiasi gani, na awe na sababu. Hukumu ya kwao ile, sie haitufungi. Mie ninachokitizama pale ni ile miaka kumi. Nani kati yenu ana miaka kumi ya kudai?

Mameneja mtakaoisoma hii, nanyi nakuombeni kitu kidogo tu, mpeni mtu anayetoka nusu saa na simu yake mbele yenu, na ile simu ifutwe kabla haijapewa mwengine. Haigharimu hata bei ya chai.

Na nyie mlokwishatoka na simu zipo huko, msikae na wasiwasi, kazi ni ya jioni moja. Ingieni kwenye akaunti yenu ya Google kwa simu mlonayo, sehemu ya usalama, tizameni orodha ya vifaa, ile ya kampuni itoeni, kisha badilisheni pasiwedi. WhatsApp itieni namba ya siri ya hatua mbili. Ukikwama, Darajani pale wapo vijana wanojua simu kuliko kuku anavojua mtama, lakini kaa naye kitako, aonyeshe yeye ubonyeze wewe. Na kama kuna ofisi inakuzuilia mshahara mpaka utoe pasiwedi, usigombane nao kwenye simu, waandikie barua, kopi yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwako, halafu peleka Kamisheni ya Kazi, kile kitengo cha migogoro. Usichelewe kwenda, madai ya kazi yana muda wake.

Mama yenu,
mstaafu wa utumishi, Fuoni