Usiuze kiwanja cha Pongwe kwanza

Göteborg, 14 Desemba

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu, hasa mama na magoti yake. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na wifi nimemsikia pembeni akikuchombeza. Mnauliza kama muuze kiwanja mhamie huku Uswidi, mje au msije. Naandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika kwenye mabaya.

Kwanza usinifanye mimi kipimo. Nilifika 2010, chuo kikiwa bado bure kwa kila mtu. Mwaka uliofuata wakaanza kuwatoza ada wanaotoka nje ya Ulaya.

Wewe ni muuguzi wa miaka tisa wodini. Huku hiyo miaka tisa haihesabiki mpaka Socialstyrelsen, mamlaka yao ya afya, wakupe leseni. Wanakagua vyeti, unafanya mtihani wa nadharia na wa vitendo, unasoma sheria zao, unafanya kazi ya majaribio miezi mitatu, na Kiswidi chako lazima kifike ngazi ya C1, karibu na juu kabisa. Hicho Kiswidi ndicho kitakachokula miaka. Barabarani wote wanajua Kiingereza, lakini mgonjwa wa miaka 85 haumwi kwa Kiingereza. Wengi wakisubiri leseni huogesha wazee kwenye nyumba za kuwatunzia. Ni kazi ya halali, ila nakujua: ulipohamishiwa kliniki ya nje ulinuna mwaka mzima. Halafu Novemba 2023 kibali cha kazi kilianza kudai mshahara usiopungua asilimia 80 ya ule wa kati nchini, na si kila mwajiri wa kazi hiyo anaufikia.

Giza sasa. Leo jua limechomoza karibu saa tatu asubuhi, likazama saa tisa na nusu. Naswali Adhuhuri, nanywa chai, Alasiri hiyo, na Maghribi inapiga hodi. Baridi utanunua koti. Giza halina koti.

Na kimya. Jirani yangu wa mlango wa pili ameniandikia mara moja tu kwa miaka sita: kikaratasi kwenye chumba cha kufulia, kwamba sikusafisha chujio la mashine ya kukaushia. Siku uliponipigia kuhusu baba nilikuwa kwenye tramu. Nililia vituo vinne, hakuna aliyeniuliza. Si ubaya wao. Kwao kukuacha ulie kwa nafasi yako ndiyo adabu.

Ila nikiwafikiria watoto, mizani inalala upande wa pili kabisa. Shule bure, chakula cha mchana shuleni bure, daktari wa meno bure, na kila mtoto kronor 1,250 kwa mwezi. Mwingine akizaliwa, wazazi mnagawana siku 480 za likizo ya malipo. Wanaume wanasukuma vigari vya watoto mchana kweupe na hakuna anayewacheka. Hilo msomee wifi kwa sauti.

Kwa hiyo kiwanja kiacheni kilipo. Anza Kiswidi jioni, hapo hapo Tanga. Juni nitajaribu kukualika utembee, jua linazama saa nne usiku, nikupeleke Feskekörka, soko la samaki lenye umbo la kanisa, uone bei ya kamba.

Siku ya Idi nitapiga simu na kukusalimia kwa Kiswidi. Wifi awe shahidi.

Dada yako